Jina la Loth Katika Daftari la Msaragambo

Mara ya kumi na mbili kushuka Same kwa ajili ya kesi ile, Asteria hakusali njiani. Mara kumi na moja zilizotangulia alikuwa amesali tangu gari linapoondoka Kirungwe mpaka linapoikanyaga lami, na mara zote kumi na moja kesi ilikuwa imeahirishwa. Akaona labda amemchosha Mungu kama yeye mwenyewe alivyochoka. Safari hii alikaa kimya, kikapu mapajani, akaangalia migomba inavyopungua na mikonge inavyoanza.

Sababu za kuahirishwa alikuwa amezikariri. Mara jalada limebaki Moshi. Mara jaji kahamishwa, anasubiriwa mwingine. Mara wakili kafiwa. Mara Chande, mshtakiwa mwenyewe, kapandwa na presha asubuhi ileile ya kesi, presha yenye adabu kweli, kwa sababu jioni ilimruhusu kuonekana karibu na stendi akila nyama choma na mishikaki miwili ya kuongezea.

Watani wetu wana maneno yao kuhusu Wapare na mahakama. Husema Mpare akiibiwa kuku atauza ng'ombe apate nauli ya kuifuata kesi. Wacheke tu, utani hauuzwi. Lakini Asteria hakuwa amewahi kumshtaki mtu hata kwa mbuzi aliyekula mahindi yake, na huko Same hakufuata kuku. Alimfuata Elibariki, mtoto wa shemeji yake, ambaye tangu alipofungua mdomo wake hakubakiwa na mtu mwingine wa kukaa nyuma yake mahakamani.

Mambo yenyewe yalianza mwaka 2019. Ulikuja mradi wa kuikarabati ndiva ya Kirungwe, lile bwawa la mawe na udongo ambalo mababu walilijenga kukingia maji ya kumwagilia. Bwawa likazibwa nyufa, na kutoka bwawani ukachimbwa mfereji mpya wa kilomita tatu kuelekea mashamba ya chini. Nani aliuchimba? Wanakijiji, kwa msaragambo, kama walivyochimba kila kitu kijijini pale. Jumamosi baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu mmoja na jembe lake. Hakuna malipo, na hakuna anayeyaulizia, kwa kuwa maji ni ya wote. Jumamosi ishirini na sita walichimba, wakamaliza, wakachinja mbuzi, wakasubiri mabomba waliyoahidiwa na mradi.

Mabomba hayakuja. Elibariki, katibu wa ndiva, akashuka kwenda kuyaulizia kwenye ofisi ya mradi, na ukutani pale akakuta imebandikwa orodha ya vibarua waliochimba mfereji wa Kirungwe na kulipwa ujira wao. Akaona jina lake. Akashangaa, maana hakuwahi kulipwa hata soda. Akateremka na kidole mpaka jina la kumi na saba: Loth Mchome, amelipwa siku ishirini na sita, na saini yake hii hapa. Loth alikuwa baba yake mkubwa, mume wa Asteria, na alikuwa amelala nyuma ya nyumba yake tangu mwaka 2010.

Angekuwa mwingine, angerudi nyumbani akapiga soga. Elibariki alikwenda moja kwa moja ofisi ya kupambana na rushwa, akasema aliyoyaona, akaandika na jina lake chini. Chande, msimamizi wa mradi, akakamatwa. Mradi ukasimama. Na hapo ndipo kijiji kilipomgeukia Elibariki, kwa sababu mabomba ambayo yangekuja kwa kuchelewa sasa hayangekuja kabisa. Duka lake la dawa za mifugo likakosa wateja. Mkewe akarudi kwao Usangi, akasema ni kwa muda, na muda huo ulikuwa sasa unaingia mwaka wa pili. Asteria alipokuwa akimwona mtoto yule anafunga duka saa saba mchana kwa kukosa wa kumuuzia, alikuwa anaumia kuliko alivyoumia kwa mambo yake mwenyewe.

Siku hiyo ya kumi na mbili, ajabu, jaji alikuwepo. Alikuwa ameshuka kutoka Moshi kwa kikao cha Mahakama Kuu, akapewa ukumbi wa mahakama ya wilaya, wenye feni moja iliyozunguka kama inayolazimishwa. Joto la Same lilikuwa limeshaingia ndani saa tatu asubuhi. Askari akatangaza kwamba mashahidi wote ambao bado hawajatoa ushahidi watoke nje. Asteria hakuwa shahidi, akakaa pale anapokaa siku zote, benchi la pili. Wakili wa Chande, Abdulmalik, mtu mrefu mwenye adabu zake, akasimama kidogo alipompita.

"Shikamoo mama. Mmeshukaje?"

"Marahaba. Tumeshuka salama."

Hakukosa kumsalimia hata siku moja, na Asteria hakupenda kwamba anampenda.

Elibariki akapanda kizimbani, akaapa. Wakili wa Serikali, binti mmoja anaitwa Nasrin, aliyekuja kutoka Tanga na kulichukua jalada lile kama mtu anayepokea mzigo wa mwenzake, alimwongoza vizuri. Akaeleza msaragambo ni nini. Akaeleza orodha aliyoiona ukutani. Kisha akalitoa daftari la mahudhurio, kubwa, jalada jeusi, kona zimeliwa, na kila Jumamosi imeandikwa humo kwa mwandiko wake: nani amekuja kuchimba na nani hakuja. Hilo ndilo lililokuwa roho ya kesi. Likipokelewa kuwa kielelezo, mahakama itajua mfereji ulichimbwa na wanakijiji bure. Lisipopokelewa, linabaki neno la muuza dawa za mifugo dhidi ya karatasi za mradi zenye mihuri. Na mawakili wa Chande walikuwa wameshamwandikia Elibariki barua, kwamba kesi ikiisha watamgeuzia kibao wamshtaki yeye kwa kughushi.

Abdulmalik akasimama polepole.

"Shahidi, daftari hili uliliandika wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Ukimwona mtu amefika, ndipo unamwekea tiki."

"Ndiyo."

"Hebu tusomee jina la kumi na saba."

Elibariki akalitazama daftari muda mrefu kuliko jina lilivyohitaji. "Loth Mchome."

"Ni nani yako?"

"Baba yangu mkubwa."

"Yuko wapi leo?"

"Ameshafariki."

"Pole sana. Alifariki lini?"

"Mwaka elfu mbili na kumi."

"Na mfereji ulichimbwa?"

"Elfu mbili na kumi na tisa."

"Mbele ya jina lake umeweka tiki ngapi?"

"Ishirini na sita."

Watu wakaanza kucheka nyuma. Jaji akainua macho tu, wakanyamaza. Elibariki akamgeukia. "Mheshimiwa Jaji, hilo ni jina la nyumba. Kwetu sisi..."

"Swali langu ni jepesi," Abdulmalik alisema, na wala hakupandisha sauti. "Huyu Loth Mchome alichimba, au hakuchimba?"

Hapo ndipo mtu mjanja angezunguka. Elibariki hakujaliwa ujanja. Angejaliwa, asingefika mahakamani. "Hakuchimba," akasema.

"Nimehesabu marehemu kumi na mmoja katika daftari hili, Mheshimiwa. Shahidi anamlaumu mteja wangu kwa kuorodhesha wafu, na wafu hao wamehudhuria kwake kila Jumamosi bila kukosa. Tunaomba daftari hili likataliwe. Ni la kughushi."

Tiki zile ishirini na sita zilikuwa za Asteria. Bega lake la kushoto lilikuwa halijapona tangu Jumamosi ya tisa, siku walipokuta changarawe. Na lililomkata maini zaidi ni kwamba jina lile lilikuwa pale kwa sababu yake.

Kirungwe nyumba huitwa kwa jina la aliyeijenga. Akifa, jina hubaki daftarini mpaka wenye nyumba waombe libadilishwe, na wengi hawaombi. Lakini kwa Loth, Elibariki alikuwa ameuliza. Wiki ya tatu baada ya mazishi alikuja na kalamu yake sikioni, akasema, mama mkubwa, nikuandike wewe sasa? Naye akamwambia, liache. Liite hivyohivyo, nitaitikia mimi. Watoto wake wawili walikuwa mbali, mmoja Morogoro na mmoja Dar es Salaam. Kanisani Loth alishakuwa marehemu, kwenye barua za ukoo marehemu, na nyumbani hakuna wa kumtaja. Pale ndivani tu, Jumamosi asubuhi, ndipo mtu alipopaza sauti akamwita kama anayetarajiwa: Loth Mchome! Na yeye akajibu naam, akainua jembe. Kwa sekunde ile moja Loth alikuwa na kazi ya kufanya. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia mtu kwamba ndiyo sababu hakosi msaragambo hata akiumwa. Kumbe mapenzi yale yalikuwa yanamchimbia mtoto wa watu shimo.

Jaji alisema atatoa nusu saa ya mapumziko. Kwenye varanda Nasrin alikuwa amemweka Elibariki ukutani, macho yamemkauka kwa hasira.

"Miezi yote hii, kwa nini hukuniambia?"

"Kukuambia nini, Wakili?"

"Kwamba mnaitana majina ya watu waliokufa!"

Elibariki akamtazama bila kuelewa. "Si kila mtu anajua?"

Na kweli, kila mtu alikuwa anajua. Kirungwe nzima hakuna ambaye angewaza kulieleza jambo lile, kama usivyomweleza mgeni kwamba mlango unafunguliwa kwa kusukuma. Chande naye aliponakili majina kutoka daftarini ili atengeneze vibarua wake hakujua, akawanakili wafu na walio hai kwa pamoja, akawasainia wote. Lile lile lililomnasa mwizi ndilo lililokuwa linamzamisha aliyemtaja.

Asteria akawasogelea. "Mwanangu," akamwambia Nasrin, "Loth ni mimi. Mimi ndiye niliyechimba. Niite huko ndani niseme."

Uso wa binti ukafunguka mara moja. Kisha, kidogo kidogo, ukajifunga. "Mama, wewe unakaaga wapi kesi ikiendelea?"

"Ndani. Sijakosa hata siku moja," Asteria alisema, na pamoja na uchovu wake wote, bado alilisema kwa fahari.

Nasrin akafumba macho. Akamweleza taratibu, kama anayempa mtu habari ya ugonjwa. Shahidi hatakiwi kuwasikia wenzake. Anatakiwa kukaa nje mpaka aitwe, ili asipange maneno yake yafanane na yao. Mtu aliyesikiliza kila kitu benchi la pili, akisimama leo aseme Loth ni mimi, Wakili Abdulmalik atasema amefundishwa na alichokisikia asubuhi hii, na ushahidi wake hautakuwa na uzito wowote.

"Na anakufahamu, mama. Kila siku anakusalimia."

Asteria akakaa kwenye ngazi. Mara kumi na mbili. Alfajiri kumi na mbili za kuamka saa tisa, kikapu na chupa ya chai, miguu ikivimba garini, ili mtoto yule asiwe peke yake. Angebaki nyumbani akalala, leo angekuwa na maana. Alitaka kulia na hata machozi yalikuwa yamechoka, hayakuja.

"Kuna mjane mwingine?" Nasrin aliuliza. "Anayechimba kwa jina la mumewe, na ambaye hajawahi kukanyaga humu ndani? Nikimpata nitaandika notisi ya shahidi wa nyongeza leo hii, jaji atanipa mpaka Jumatatu."

Wajane watatu aliowafikiria kwanza walikuwa wameshaingia mahakamani, wote, mwanzoni kabisa, siku mashtaka yaliposomwa, kwa kusukumwa naye mwenyewe. Akabaki mmoja.

"Yupo," akasema. "Ila mimi na yeye hatusemeshani."

Priska, mjane wa Zebedayo, alikuwa jirani yake, na mwenzake wa sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama. Hakuwahi kushuka Same hata mara moja. Kila Asteria alipomfuata alijibu kwamba ana ng'ombe. Basi Jumapili moja kabla ya Pasaka, baada ya ibada, mbele ya akina mama wote, Asteria akamwambia kwamba moyo wake ni kama jiwe la ndiva, maji yanapita juu yake miaka hamsini na ndani ni pakavu. Alikuwa ameliona ni neno zuri sana siku ile. Tangu hapo waliimba sauti moja bila kutazamana.

Jaji alikubali, akatoa mpaka Jumatatu. Asubuhi ya kesho yake, Alhamisi, Asteria alimkuta Priska amekaa uani kwake, anaosha tangawizi kwenye karai.

"Hodi."

"Karibu," Priska alijibu bila kuinua kichwa. "Kama ni wewe kweli."

Asteria hakupewa kigoda, akakaa kwenye gogo. Alikuwa amepanga maneno ya kuzungukazunguka, lakini magoti yalikuwa yanamuuma na hakuwa na nguvu ya kuzunguka. "Nimekuja kukuomba uende mahakamani."

Priska akacheka. Alicheka mpaka akaweka tangawizi chini. "Jiwe la ndiva limehitajika mahakamani?"

"Nilikosea."

"Sikusikia vizuri."

"Nilikukosea, Priska. Na nilikusema mbele za watu, na Jumapili nitakuomba radhi mbele za watu hao hao. Lakini usinijibu kwa ajili yangu. Wanataka kusema Elibariki ameghushi lile daftari. Watamfunga."

Priska alichukua tangawizi nyingine, akaisugua mpaka ikaanza kuchubuka. "Unajua kwa nini sikwenda?" akasema. "Unaikumbuka kesi ya shamba letu la kule bondeni. Zebedayo aliifuata miaka sita. Kushuka, kupanda. Akienda anarudi na tarehe nyingine. Mwisho akarudi na homa. Hukumu ilisomwa wiki mbili tumeshamzika. Tulishinda, wakaniletea karatasi yenye muhuri hapa hapa ulipokaa. Nikaapa sitakanyaga tena ngazi za mahakama, si kwa kesi yangu wala ya mtu." Akaitupa tangawizi kwenye ndoo. "Wewe hukuniuliza. Uliniita jiwe."

Ng'ombe akalia bandani.

"Nikienda nitasema nini?"

Maneno yalimjaa Asteria mdomoni, yamepangika kabisa, kuanzia jina la nyumba mpaka tiki. Akayameza. "Nimekatazwa kukufundisha. Watakachokuuliza, uwajibu."

"Na ng'ombe atakamuliwa na nani? Gari linaondoka saa kumi alfajiri, na kurudi ni jioni."

"Nitamkamua mimi."

"Huyu anapiga mateke mtu asiyemzoea."

"Atanizoea."

"Basi siku yenyewe hutakuwepo," Priska alisema, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. "Mara kumi na mbili umekwenda, na hii ya kumi na tatu utabaki na ng'ombe wangu."

Asteria alikuwa hajalifikiria hilo. Alilifikiria sasa, akaona kwamba katika uchovu wake wote hakukuwa na jambo gumu kuliko hilo, kukaa nyumbani na kutojua. "Ndivyo," akasema.

Jumapili, baada ya ibada, Asteria aliomba radhi mbele ya akina mama kama alivyoahidi. Jumatatu ilikuwa ndefu. Ng'ombe alimpiga teke moja la pajani asubuhi, akamwaga nusu ya maziwa. Asteria akamkatia majani, akafagia banda, akafagia na ua ambao ulikuwa msafi. Saa nne akajua mahakama imeanza. Saa sita akawaza labda imeahirishwa. Simu ya Elibariki ilikuwa imezimwa, kama sheria ya humo ndani inavyotaka. Mchana alipika makande, akayaacha jikoni kwa Priska yamefunikwa, akarudi bandani kumkamua yule adui yake, ambaye mara hii alisimama kwa utulivu kana kwamba hakuna lililowahi kutokea.

Jua lilikuwa bado halijazama nyuma ya mlima wakati Priska alipoonekana, amebeba viatu mkononi. Elibariki alikuwa nyuma yake, amembebea kikapu kama mtoto wa shule. Asteria alitazama uso wa kijana yule kwanza. Ulikuwa umechoka vilevile, lakini umelegea, kama wa mtu aliyetua mzigo ingawa bado hajafika.

"Nipe maji kwanza," Priska alisema. Akanywa kikombe kizima, akakaa, akanyoosha miguu. Alikuwa anajua anasubiriwa, na hakuwa na haraka hata kidogo.

"Waliniweka nje kwenye benchi tangu asubuhi. Saa tano wakaniita. Nikaapa. Jaji akaniuliza, jina lako nani? Nikamuuliza, lipi? Akasema, mama, una majina mangapi? Nikamwambia mawili. Kanisani Priska, kwenye msaragambo Zebedayo."

Elibariki akaanza kucheka kimyakimya.

"Yule wakili mrefu akasimama. Ana adabu yule, alinipa shikamoo kabisa. Akasema, mama, Zebedayo ni mwanamume, na amefariki. Nikamwambia najua, mimi ndiye niliyemzika. Akasema, basi nani alichimba? Nikamwambia, mwanangu, kila nyumba ilipimiwa hatua kumi na mbili za mfereji, na kila kipande kina jiwe la mwenye nyumba. Kipande cha Zebedayo ndipo mfereji unapopinda. Haupindi kwa sababu ya ramani. Unapinda kwa sababu nilikuta mwamba, nguvu ya kuuvunja sikuwa nayo, nikauzunguka. Nendeni mkaangalie, mwamba upo, hautakimbia. Akakaa."

"Alikaa?" Asteria aliuliza.

"Alikaa. Kisha yule binti akanionyesha orodha ya Chande. Akasema, hapa Zebedayo amesaini kupokea ujira, hii ni saini yenu? Nikaitazama. Saini nzuri, imezungushwa na mkia, kama ya meneja wa benki. Nikawaambia Zebedayo hakujua kuandika hata herufi moja. Alikuwa anaweka dole gumba, na mimi ndiye niliyekuwa namshikia karatasi. Chande alikuwa kizimbani pale, nikamtazama. Akaangalia viatu vyake."

Elibariki akaeleza yaliyobaki, kwa maneno machache. Jaji alikuwa ameandika kwa muda mrefu, kisha akasema pingamizi limekataliwa. Daftari limepokelewa kuwa kielelezo cha upande wa mashtaka. Kesi yenyewe bado. Kulikuwa na mashahidi wengine wanne, na tarehe nyingine, na baada ya hapo nyingine. Lakini Wakili Abdulmalik alimpita varandani akamwambia ile barua ya kumshtaki kwa kughushi aichane. Asteria akashusha pumzi ambayo alihisi ameishikilia tangu mwaka juzi.

"Lakini hujamwambia la mwisho," Elibariki alimwambia Priska.

"Ah. Jaji aliniuliza, na huyu Loth Mchome wa namba kumi na saba unamfahamu? Nikasema namfahamu sana. Akasema, leo yuko wapi? Nikamwambia, Mheshimiwa, Loth yuko nyumbani kwangu, anakamua ng'ombe."

Elibariki alisema mahakama nzima ilicheka, na jaji pia, mpaka akavua miwani. Asteria naye alicheka. Alicheka huku ameshika paja lenye teke, na Priska akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu Pasaka. Walikula makande, yakaisha.

Ijumaa Elibariki alikuja kwa Asteria na daftari jipya, jalada la bluu, bado lina harufu ya dukani. Lile la zamani lilikuwa limebaki mahakamani. Nasrin alikuwa amemwambia litakaa kwenye jalada mpaka kesi iishe, na rufaa zikiwepo mpaka nazo ziishe, huenda miaka. Na alikuwa amemwomba, akamkazania, kwamba tangu sasa aandike jina la mtu anayeshika jembe, asije mwingine akapata shida kama ile. Kamati ilikuwa imekubali. Elibariki akasimama mlangoni, kalamu sikioni, kama alivyosimama miaka ile, wiki ya tatu baada ya mazishi.

"Mama mkubwa, nikuandike nani?"

Asteria alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua. "Andika kama alivyosema yule binti," akasema. "Tumeshapata shida ya kutosha."

Jumamosi baragumu lililia. Kulikuwa na tope la kuzoa kwenye mdomo wa ndiva, watu wakajipanga juu ya ukingo na majembe yao. Walikuwa wengi kuliko kawaida, na wawili watatu walimsalimia Elibariki ambao walikuwa hawamsalimii. Akafungua daftari la bluu, akaanza kuita. Majina mengine yalikuwa yaleyale. Mengine yalikuwa mapya, na watu waligeuka kutazama nani anaitika. "Priska Mrutu," akaita, na Priska akajibu kwa sauti ya pili ya kwaya, watu wakacheka.

Asteria alikuwa anahesabu kimoyomoyo. Kumi na tano. Kumi na sita. Akakaza mkono kwenye mpini, akafungua mdomo tayari, kama alivyofanya kila Jumamosi.

"Asteria Mchome."

Hakuna aliyejibu. Elibariki akainua macho, akamwona, akasubiri. Akaita tena, polepole zaidi. Priska akamgusa kiwiko.

"Naam," Asteria akasema.

Tiki ikawekwa. Elibariki akaita la kumi na nane, la kumi na tisa, akaenda mpaka mwisho, akafunga daftari. Watu wakateremka kwenye tope. Asteria alibaki ukingoni kidogo, jembe mkononi, kwa sababu siku ile, kwa mara ya kwanza tangu wamzike, msaragambo ulikuwa umeitwa wote na hakuna mtu aliyemwita Loth.